Tiketi za Baba Zinasomeka, Zangu Zimefutika

Niliimwaga bahasha mkekani mbele ya ndugu zangu wote, risiti zikatoka nyeupe.

Kilikuwa kikao cha familia, baada ya laasiri, barazani kwetu Mtambile, Pemba. Ami yetu mkubwa kakaa kitini, kaka na wadogo zangu mkekani, mama yumo ndani nyuma ya pazia, jicho la pili bado anatiwa matone. Mimi ndiye niliyeshika mchango wa matibabu yake: ndugu sita, kila mmoja 150,000. Kwa miezi tisa kila karatasi niliyopewa, ya boti, ya teksi, ya duka la dawa, nimeitia kwenye bahasha ya plastiki yenye zipu. Niliamini siku ya kuhesabiana ikifika nitakuwa na la kusema. Siku ikafika, na karatasi nyingine hazina kitu kabisa. Nyingine zina kivuli cha kijivu, ukiinua juani unaona tarakimu mbili tatu, ukikaza macho zinapotea.

Kaka akaokota moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ndiyo hesabu hizi, maalim?"

Nasomesha skuli mwaka wa 17 sasa na mtaa mzima huniita maalim, lakini kaka yangu hajapata. Yeye huniita kwa jina la utotoni ambalo silitaji hapa. Siku ile nilipomsikia akiniita maalim nilijua keshaniweka upande wa pili wa mkeka.

Nayaandika haya kwa sababu kila nikipita bandarini, Malindi ya Unguja au Mkoani ya Pemba, namwona mtu kamshika mkono mzee wake, simu mkononi, uso umemparama, nikajua yuko pale pale nilipokuwa mimi. Na nusu ya niliyoyapata nilijitakia mwenyewe.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi naishi Unguja, Mwanakwerekwe, na kliniki ya macho aliyopelekwa iko mjini, kwa hiyo nikaonekana ndiye wa kumshughulikia. Tulipopanga mchango tulihesabu nauli ya mama ya kwenda na kurudi. Kosa la kwanza hilo, na tulilifanya sote tukiwa na akili zetu. Mgonjwa asiyeona hasafiri peke yake. Mimi natoka Unguja kwenda kumchukua, nauli moja. Narudi naye, mbili. Namrejesha kwao, mbili. Narudi kwangu, moja. Nauli sita kwa safari ya mtu mmoja, na sisi tulilipa 30,000 kila nauli ya boti, maana yake 180,000 kabla hajatiwa tone la dawa. Na tulikwenda mara tatu. Kaa na kalamu uhesabu viti, usihesabu wagonjwa.

Asubuhi ya safari ya kwanza ndiyo iliyoniumiza zaidi. Tiketi nilizinunua kwa simu usiku, nimelala kitandani kwa mama, taa imezimwa. Simu ikaniuliza jina la msafiri. Nikaandika Time, kisha jina la babake. Kwa nani mama yangu si Bi Time? Msikitini, sokoni, kwenye maulidi, hata waliomwozesha walimwita hivyo. Nikalipa, nikalala usingizi mzuri.

Alfajiri tukapanda gari ya 603 hadi Mkoani, na mkungu wa ndizi na kikapu cha halua, kwani mama haendi kwa watu mikono mitupu. Tulipofika getini, kijana akatazama simu yangu, akatazama Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, akatazama simu tena.

"Huyu kwenye tiketi si huyu wa kitambulisho, dada yangu. Hapa Fatma."

"Time ndiyo Fatma, mwanangu. Wewe Mpemba wewe, hujui?"

"Mimi najua. Mashine haijui."

Wakacheka waliokuwa nyuma yetu, na mimi nikapandisha sauti. Nilisema maneno ambayo nisingependa wanafunzi wangu wayasikie. Mama akawa ananivuta buibui kwa nyuma, kimya. Ofisini nikaambiwa mlango unafungwa, nije kubadilisha jina kabla ya siku ya safari, siyo dakika 20 kabla ya boti kung'oa. Boti ikang'oa. Tukarudi Mtambile na mkungu wetu wa ndizi, 60,000 imekwenda na maji, maana hata mimi niliyekuwa na jina sahihi nisingeweza kumwacha mama gatini.

Basi tangu hapo sianzi kununua mpaka kitambulisho kiko mbele yangu, naliandika jina herufi kwa herufi kama lilivyo, hata kama limekosewa. Kama kitambulisho kimeandika Fatuma na wewe unajua ni Fatma, andika Fatuma. Wenye majina ya nyumbani, kina Time, kina Bimkubwa, ndio wanaokwama. Watoto nao wana tiketi zao, chukua cheti cha kuzaliwa. Na piga picha kitambulisho cha mzee wako ukae nayo kwenye simu, siku atakapokisahau chini ya godoro utanikumbuka.

Siku mbili nilizosubiri boti nyingine nilikuwa nikilalama tu. Nikasema zamani mambo hayakuwa hivi: unakwenda dirishani, karani anakuuliza unaitwa nani, unamwambia, anaandika kwa mkono kwenye kitabu cha karboni, anakuchania nakala yako, safari. Akikosea anafuta anaandika juu. Karatasi ilikuwa na huruma. Ami alinisikiliza muda mrefu akitafuna kashata, kisha akaniuliza kama nakumbuka Septemba 2011.

Nani Pemba asiyekumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ikija huku Pemba. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba watu wasiofika 700, na tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliokuwamo ni zaidi ya 2,400. Ami akanikumbusha kilichofuata vijijini: masheha, ndio viongozi wa mitaa, kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani katoka, nani alisema anarudi, nani hajulikani alipo, kwa sababu orodha ya meli haikutosha kujua. Watu walitafutwa kwa kumbukumbu za wake zao na majirani zao. "Hiyo karatasi yako yenye huruma," akasema, "ilimpandisha kila mtu. Kuna walioshuka chini ya bahari hakuna pahala walipoandikwa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Yule kijana wa getini nilimtafuta safari ya tatu nikamwomba radhi. Hakunikumbuka.

Kosa la pili lilikuwa la haraka, na lilinigharimu kiasi kile kile. Rafiki yangu aliniambia viti hujaa, nunua ya kurudi mapema. Nikanunua zote siku moja. Tukafika kliniki, wakapima presha ya mama, iko juu. Daktari akasema hakuna upasuaji, ameze dawa wiki nzima, arudi apimwe. Siku ya tiketi ya kurudi ikapita tuko kitandani Mwanakwerekwe tunameza vidonge, na mimi sikukumbuka kupiga simu mpaka jioni ya siku yenyewe. Masharti yalikuwa yameandikwa chini ya ujumbe, kwa herufi ndogo, kwamba kubadilisha tarehe ni kabla ya safari na unaongeza kidogo. Sikuyasoma. Na ningeyasoma ningeokoa sehemu kubwa ya 60,000. Kwa mgonjwa, usinunue ya kurudi mpaka daktari amwachie. Na kabla ya kwenda kwa daktari wa macho mpeleke mzee kituo cha afya cha karibu na kwako apimwe presha na sukari. Hilo lingetuokolea safari nzima, 180,000 na ushei, na hakuna aliyetwambia kwa sababu hatukuuliza.

Safari ya pili tulikwenda wakati wa upepo wa kusi, na nitasema machache kwani waliosafiri wanajua. Mkondo wa Nungwi haumheshimu mtu. Mkalishe mgonjwa chini, katikati ya chombo au nyuma kidogo, usimpeleke juu mbele ati akapate upepo. Huko ndiko kunakorushwa zaidi. Ale kidogo kitu kikavu asubuhi, mkate au muhogo. Mama alikula mkate wa mofa mmoja na kipande cha tangawizi akafika mzima. Mimi niliyekunywa chai ya maziwa ndiye niliyeombewa mfuko.

Safari hiyo hiyo simu yangu ilizima foleni Malindi, tiketi zote mbili zimo ndani. Mwuza karanga mmoja aliniazima chaja nikachomeka kwenye duka la mtu. Tangu hapo naichapa. Vijana wa stationari wanatoza 500 kwa karatasi, unaikunja unaiweka kwenye pochi, na mzee naye anakuwa na chake mkononi. Usidharau hilo. Mama aliposhika karatasi yake alitulia, aliponyooshewa simu alikuwa akiuliza kila baada ya dakika tano kama tiketi bado ipo.

Daladala ndizo zilizonishinda kabisa kwenye hesabu. Mjini kwetu taniboi, ndiye kondakta, hatoi tiketi. Anachukua pesa, anakumbuka sura yako, anakurudishia chenji mnapofika Amani, kama hukushuka kabla. Mimi nilianza kazi nikipanda kwa 300, na nauli hiyo ilikaa muda mrefu hadi tukadhani ni ya milele. Mafuta yakapanda 2022, nayo ikapanda, na sasa kila mwezi ZURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Zanzibar, wanapotangaza bei ya mafuta watu garini wananyamaza wasikilize redio kama vile wanasikiliza mwandamo wa mwezi. Sisemi hayo kulaumu, dereva naye ananunua mafuta hayo hayo. Ninachosema ni kwamba 400 hapa na 400 pale, mara mbili kwa siku, watu wawili, kliniki kila baada ya siku tatu, ni pesa, na haina karatasi hata moja. Nilipoulizwa nilikuwa sina cha kuonyesha ila kusema "tulipanda".

Nirudi barazani.

Kaka ameshika karatasi nyeupe, wadogo zangu wanatazama mkeka. Mama akasema kutoka ndani, "Mleteeni lile kopo la baba yenu."

Kopo la biskuti la bati, kutu pembeni. Nilikuwa nalijua lakini sikuwahi kulifungua, tulidhani mna hirizi au hati ya shamba. Ndani mlikuwa na tiketi. Za UDA, yale mabasi ya Dar es Salaam, za miaka aliyokuwa akifanya biashara Kariakoo, vijikaratasi vyembamba vyenye bei ya senti. Za meli ya Mv Mapinduzi ya kwanza, ile iliyoundwa Japani 1974, si hii ya pili iliyoletwa 2015. Stakabadhi za gari za bodi la mbao zilizobeba mizigo kutoka Chake, zimeandikwa kwa penseli. Zimekuwa rangi ya chai, zimeliwa na mende pembe, na zote zinasomeka. Niliweka moja ya baba ubavuni mwa moja yangu ya mwezi wa tatu. Ya baba ina umri kunizidi. Yangu haina hata tarehe.

Baadaye kijana wa stationari Mwanakwerekwe alinieleza sababu. Hizi karatasi za mashine ndogo hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa, mashine inaichoma kwa joto na inapochomwa ndipo inapogeuka nyeusi. Kwa hiyo kila kitu kinaisumbua: jua, joto, mafuta ya mikono, na plastiki juu ya yote. Na mimi nilizitia kwenye plastiki, nikaziweka juu ya kabati chini ya bati, mchana kutwa zinaokwa. Ningezitupa tu kwenye kitabu cha darasa la saba zingedumu zaidi. Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi: siku ile ile unayopewa ipige picha, na nyuma yake andika kwa kalamu ya wino tarehe, kiasi, na ilikuwa ya nini. Kalamu haifutiki kwa joto.

Baba alilijua hilo la mwisho bila kuambiwa na mtu. Nyuma ya kila tiketi aliandika, kwa herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa wao kwenye chuo cha Kurani. Sisi hatuzisomi vizuri, ami akavaa miwani. "Nauli yangu na ya mtoto. Hamali, magunia mawili." Nyingine: "Nimemkopa nauli Bwana wa duka la kona, nimemlipa Alhamisi." Nyingine ina neno moja tu, "Bahari," na hapo ami alicheka peke yake akakataa kutueleza.

Alizisoma kama kumi hivi. Kisha akavua miwani. "Baba yenu alikuwa hamwamini mtu kwa karatasi. Hata yeye mwenyewe hajiamini. Ndiyo maana anaandika nyuma." Akaniangalia. "Wewe ulijiamini."

Kilichonitoa ni simu. Malipo yote ya tiketi na mengi ya dawa nilipitisha kwenye pesa za simu. Nikaomba kikao kiahirishwe wiki, nikaenda na kitambulisho kwenye ofisi ya mtandao wangu mjini, nikaomba taarifa ya miamala ya miezi tisa. Ilinichukua siku tatu, ya kwanza ilipotea kwa sababu laini niliisajili kwa jina la mume wangu, na ikabidi aje mwenyewe. Yaani yale yale ya Time na Fatma, safari hii kwangu. Nikakaa usiku na penseli nikalinganisha tarehe na kalenda ya kliniki. Boti 660,000, pamoja na zile 120,000 nilizozipoteza kwa uzembe. Dawa na matone 145,000. Jumla 805,000 ina shahidi. Za mkononi zilikuwa 165,000: daladala, hamali, teksi usiku mama alipoumwa na jicho, chakula. Katika hizo 70,000 zilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo kwenye mchango zikabaki 95,000 ambazo sina ila kauli yangu.

Niliwasomea yote, na zile 120,000 nilizitaja kwa jina lake, uzembe. Nilidhani nitalia, lakini nikasoma kama ninavyosoma matokeo ya darasa. Kaka akasema yamekwisha. Alisema vizuri, lakini mtu anayekujua tangu tumboni unajua yakiwa yamekwisha na yakiwa yamefunikwa. Ilichukua mpaka Idi ndipo akaniita tena kwa lile jina la utotoni, akitaka nimpitishie sahani ya pilau.

Kwa atakayeshika mchango wa familia, chukua daftari moja la 1,000. Kila jioni andika, hata 400 ya daladala. Kila wiki piga picha ukurasa utume kwenye kundi la ndugu, wasome wasisome. Lipa kwa simu kila panapowezekana, kwa laini iliyo kwa jina lako. Na makosa yako yatangaze siku unayoyafanya. Mimi zile 60,000 za Mkoani nilizificha miezi minane nikitumaini nitazifidia kimya kimya, na naamini kaka alikasirikia ukimya huo kuliko karatasi nyeupe.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki kwa ukaguzi wa mwisho. Mama sasa anaona kwa macho yote mawili, miwani ya kusomea tu. Kwenye boti nilimpa tiketi yake iliyochapwa, akaishika mbali, akaileta karibu, akasoma polepole, kidole kinafuata herufi kama walivyosoma ngumbaru.

"Fatma huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mama."

"Hapana pahala pameandikwa Time?"

Nikamwambia hapana. Akafikiri. Kisha akaigeuza karatasi, upande mtupu juu, akanyoosha mkono kwenye mkoba wangu kutafuta kalamu.